Walimpa Mchekeshaji Awe Mimi

Jumamosi tarehe 14 Juni, saa nane na dakika kumi mchana, ndipo nilipoharibikiwa. Nataja mpaka dakika kwa sababu redio yenyewe ilizitaja. Walipiga ile kengele yao, wakasema sasa ni saa nane na dakika kumi, na hapohapo wakanifanya muuaji mbele ya wakwe zangu.

Kama gazeti lako la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, nakusimulia kwa kifupi. Mke wangu Caritas alifariki mwaka jana. Miezi miwili kabla hajafa, mwandishi wa redio anayeitwa Nella alikuja kwetu mtaa wa Gihosha, hapa Bujumbura, na mashine yake, akamrekodi mchana wa siku mbili. Habari yenyewe ilikuwa ya Valéry, kaka yake Caritas, aliyeuawa mwaka wa tisini na tano, siku moja kati ya zile siku mji ulipofungwa na vijana wenye mapanga wakawa ndio serikali.

Valéry alikuwa amejificha kwetu. Juu ya plafon, darini, kati ya mbao na mabati, wiki tatu. Waliokuja kumchukua hawakutafuta chini ya kitanda wala ndani ya kabati. Walikuja na ngazi. Na mtu anayekuja na ngazi ameshaambiwa.

Basi, Jumamosi ile ya Juni tulikuwa tunaganduka, yaani tunaondoa kilio cha Caritas baada ya mwaka. Kwetu jambo hilo lina ngazi zake. Mtungi wa pombe ya mtama unawekwa katikati. Mkubwa wa ukoo wa marehemu anavuta kwanza, kisha anampa mgane mrija uleule. Mgane akishavuta, watu wanapiga makofi, kilio kimekwisha. Asipokupa mrija, kilio kinabaki mabegani mwako hata ukinyoa ndevu mara kumi.

Mkubwa wa ukoo ni shemeji yangu Candide, kaka mkubwa wa Caritas na Valéry, mzee wa mtaa wa Kinanira, mtu wa maneno machache na koti moja.

Nella alikuwa amenipigia simu: "Baba Carmen, sauti ya mama itapita Jumamosi saa nane." Mimi, mjinga wa kuzaliwa, nikaenda kukodi spika mbili kubwa. Nilitaka wakwe wamsikie binti yao. Nilitaka na majirani wamsikie. Walimsikia.

Kipindi kinaitwa "Yaliyopita ni Ndwele". Kilianza na sauti ya Caritas mwenyewe: "Mi naitwa Caritas, nilikuwa na kaka yangu anaitwa Valéry." Mashangazi wakaanza kulia. Zilikuwa sekunde nane. Kisha kikaja kinanda. Kisha mbuzi akalia. Sisi hatujawahi kufuga mbuzi. Kisha mlango ukagongwa, na mume akaitikia.

Mume ni mimi. Lakini sauti ilikuwa ya Massoudi.

Nani hamjui Massoudi? Ndiye yule anayeigiza mlevi kwenye matangazo ya chandarua, anayejifunika chandarua kama bibi harusi. Watoto wanacheka akianza tu "yoyoyo" yake, kabla hawajajua ni habari gani.

"Yoyoyo, wakubwa wangu!" mimi wa redio nikalia. "Musinipige, mi niko na presha! Munayemutafuta yuko juu ya plafon! Muchukue yeye, muniachie mi na mbuzi wangu!"

Watu wakacheka. Kwenye kilio cha mke wangu, wakacheka! Binamu mmoja pombe ilimtoka puani. Ilichukua muda mpaka yale maneno yakafika yalikokuwa yanakwenda, halafu kicheko kikakatika kama umeme wa mji huu.

Candide akautoa mrija mdomoni. Akaufuta kwa leso, polepole, pande zote mbili. Nikanyoosha mkono. Akaulaza chini kwenye majani.

"Shemeji," akasema, "miaka makumi tatu najiuliza nani."

"Ni mchezo huo, shemeji! Ni Massoudi yule wa chandarua!"

"Massoudi hakukuwa kwako mwaka ule. Mutu aliyewaambia redio habari hii ni nani? Si dada yangu?"

Wakasimama wote. Mtungi ulikuwa umejaa, nao wakasimama. Binti yangu Carmen, mama wa watu wawili sasa, akachukua mkoba wake.

"Papa, mi nakwenda kwa mjomba. Siku utakuwa na kitu ya kuniambia, uko na namba yangu."

Mtungi waliumaliza majirani. Majirani wa Gihosha hawana ugomvi na mtungi.

Jumatatu saa mbili asubuhi nilikuwa mbele ya redio. Mlinzi akanipima toka kofia mpaka viatu vyenye rangi, maana mimi ni mpaka rangi, na viatu vyangu vinajua nyumba zote za wakubwa.

"Uko na rendez-vous?"

"Niko na kesi."

"Kesi ni kule tribunali. Hapa ni rendez-vous."

Rendez-vous, yaani miadi, sikuwa nayo, ikabidi nisubiri Nella atoke kunywa chai. Akaja mbio, mikono miwili mbele.

"Baba Carmen! Mulisikia? Watu walipiga simu mpaka saa kumi na moja!"

"Nella, mwanangu. Mke wangu alikuambia mi ndiyo nilimutoa kaka yake?"

Akatazama viatu vyake. "Apana, baba. Ile ni... tunasema kuigiza. Mama alikuwa anakohoa sana. Direkta alisema wasikilizaji hawapendi kikohozi."

"Kwa hiyo mukatoa kikohozi, mukaweka mbuzi."

"Mbuzi ni ya kuleta hewa ya nyumbani, baba."

"Na Massoudi je?"

"Waigizaji wengine walikuwa kwenye semina ya kunawa mikono. Alibaki yeye peke yake. Siku hiyo alicheza wewe, alicheza wauaji, alicheza na chef wa kartiye."

"Wauaji wote?"

"Anabadilisha sauti."

Hapohapo Massoudi mwenyewe akatokea, chapati mkononi, tumbo mbele.

"Mzee! We ndiyo mi!" Akanikumbatia na chapati yake. "Uniambie ukweli, bila kunionea haya. Nilikucheza namna gani?"

"Umenicheza mpaka nyumba yangu imebaki na mi peke yangu."

Akaweka mkono kifuani, machozi yakamlengalenga. "Asante, mzee. Watu wengi hawaoni kazi yetu."

Nikamuomba Nella anipe sauti yote ya mke wangu, niwapelekee wakwe. Akasema hana ruhusa. Ruhusa iko kwa nani? Kwa Direkta. Direkta yuko wapi? Kwake, Kiriri, kilima cha wakubwa, ana mafua.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Mimi nimewangoja chini ya Kiriri miaka yote hii na sijaona hata mmoja akiteremka, isipokuwa kwa gari, vioo vimefungwa. Nikapanda mwenyewe. Ukuta wa Direkta nimeupaka rangi mara mbili, naujua kuliko anavyoujua yeye, ila ndani sijawahi kukaribishwa hata kwa maji.

Alitoka getini na kanzu ya kuogea, leso puani.

"Ah, fundi! Vizuri umekuja. Pale kwenye kona inabanduka."

"Sikuja kwa rangi, Direkta. Nilikuja kwa mke wangu."

Nikamweleza. Akasikiliza kama daktari wa serikali, yaani akiangalia simu.

"Mzee, ile ni kazi ya kumbukumbu. Nchi inapona ikisema."

"Nchi inapona, mi ndiyo naugua."

"Lakini tunasema mwishoni kwamba sehemu zingine zimeigizwa."

"Munasema mbio kama mutu anameza kidonge."

Akacheka, akakohoa, kikohozi ambacho angeamuru kikatwe kama kingekuwa cha mke wangu. Halafu nikaona uso wake ukiwaka. Ogopa uso wa mkubwa ukiwaka, ni wewe utakayeungua.

"Sikia, mzee. Ulete familia. Ijumaa, saa nne asubuhi. Nitawasikilizisha sauti yote ya mama, bila kukata. Na tutaweka mikro mbele yenu. Familia inasikia ukweli kwa mara ya kwanza! Mzee, hiyo ni emisiyo ya pili!"

Aliposema emisiyo, yaani kipindi, mtu mwenye akili angeteremka kilima. Mimi nikashukuru: merci, Direkta.

Nikampigia Candide. Nikamweleza mwaliko wa Direkta.

"Nitakuja," akasema. "Lakini kitu kizima. Kipande nilishasikia."

"Kizima, shemeji. Toka mwanzo mpaka mwisho."

Sasa, msomaji, sogea. Kuna jambo sikumwambia Nella, sikumwambia padri, sikumwambia hata Caritas. Nakuambia wewe kwa sababu hunijui sura.

Mwaka ule, mji ulipofungwa, chef wa kartiye yetu, mkuu wa mtaa, ndiye aliyekuwa anagawa maharage ya msaada, vikombe viwili kwa kila kichwa. Nikapanga mstari na mfuko wangu. Zamu yangu ikafika.

"Muko wangapi?"

Tulikuwa wanne: mimi, Caritas, mama yangu, na Carmen wa miaka mitatu. Lakini nyumbani kulikuwa na mwanaume mzima juu ya plafon, anakula sahani ya mama yangu, na mama anasema ameshiba. Tumbo likajibu kabla ya kichwa.

"Watano."

"Watano? Mi nawajua wanne."

"Tulipata mugeni."

Akanitazama. Akapima vikombe kumi, akashindilia na cha kumi kwa kiganja, akacheka. "Mugeni ni baraka, Sylvère."

Siku mbili baadaye ikaja ngazi.

Siku ile ya maharage, nyumbani, Caritas alishangaa kuona mfuko. "Mbona yamezidi?" Nikamwambia chef amekosea kupima. Akayachambua, akatoa mawe, akayapika. Valéry alikula sahani mbili, akagonga plafon kwa kidole mara tatu, ndiyo ilikuwa asante yake.

Nani mwenye kosa? Mimi nasema chef. Alipewa maharage alishe watu, akageuza kikombe kikawa sikio. Leo ana ghorofa, na redio hiyohiyo inamwalika kuongea habari ya amani. Mimi nilitaja namba tu. Mtu akitaja namba ameua? Nimejisemea hivyo miaka thelathini, na miaka thelathini sijaweka haragwe mdomoni. Bujumbura, mtu asiyekula maharage ama ni balozi ama ni mgonjwa. Caritas hakuniuliza hata siku moja kwa nini. Alinipikia viazi.

Ndiyo sababu Ijumaa nilipanda ngazi za studio nikizihesabu moja moja. Nilitaka sauti ya mke wangu initakase. Lakini nilikuwa nimeahidi kizima, na sikujua kizima kina nini ndani.

Studio yenyewe ni chumba kisichozidi choo kikubwa, kuta zimebandikwa trei za mayai. Wakubwa wanachukua misaada ya Ulaya, halafu wanabandika trei za mayai. Tulikaa watatu: Candide na koti lake, Carmen ambaye hakunisalimu, na mimi katikati kama mshitakiwa. Mikro tatu. Taa nyekundu. Nyuma ya kioo alikuwa Direkta na leso yake, na pembeni yake Massoudi, ambaye hakualikwa na mtu.

"Nimekuja kujifunza sauti yako ukiwa na huzuni," akaniambia kwa heshima zote.

Nella, aliyekaa mbele yetu na mashine yake, akabonyeza.

Kilichotoka kwanza ni kikohozi. Nilikilea kikohozi kile mwaka mzima, usiku na mchana, na sikujua kama naweza kukikumbuka hivyo. Halafu yeye:

"We mutoto, umekula? Mi siongei na mutu mwenye njaa."

Carmen akajifunika mdomo. Ilikuwa kama mama yake amerudi mezani kwetu, anasukuma sahani.

Akasimulia. Alisimulia mji ulivyofungwa, Valéry alivyoingia kwetu na kiatu kimoja. Halafu akafika kwangu.

"Mume wangu ni muoga. Nyinyi andikeni hivyo, yeye mwenyewe anajua. Paka akipita juu ya bati, Sylvère anasali. Lakini muoga yule alipanda kila asubuhi na kopo la maji, akateremka na ndoo ya choo ya kaka yangu, anaimba kwa nguvu, anagonga misumari, jirani waseme Sylvère anatengeneza paa. Wiki tatu alitengeneza paa ambalo halikuharibika!"

Akacheka mle ndani ya mashine. Candide naye akacheka, kwa pua, kwa ghafla, kama mtu aliyekanyagwa.

"Na siku walikuja, walimukamata kwanza yeye. Pale mulangoni. Yuko wapi? Yuko wapi? Walimutoa meno mawili. Alilia kama mutoto, lakini hakusema. Wakamuambia, basi baki na siri yako, sisi tulikuja na ngazi."

Nella akasimamisha. Nyuma ya kioo Massoudi alikuwa analia kweli, bila kubadilisha sauti.

Candide akageuka. "Shemeji. Ulituambia meno hayo ulianguka."

"Niliona haya."

"Haya ya nini? Ya kunyamaza?"

Akanishika mkono, mkono wake mkavu juu ya wangu, mbele ya mikro yao yote.

"Jumapili nitapanda Gihosha," akasema. "Mutungi nitauleta mi mwenyewe. Na mrija nitakupa mbele ya watu walewale waliocheka."

"Papa," Carmen akasema. Hilo tu. Neno moja, lakini nilikuwa nimelingoja toka Jumamosi.

Ungeniona, msomaji! Nilitaka kutoka nje nikawapigie kelele wote, mlinzi na rendez-vous yake, Direkta na mbuzi wake. Niliona haki inaweza kuteremka kilimani siku moja moja, hata kama ni kwa kukosea njia.

Nella akainama upande wetu. "Tunaweza kusimamia hapa, baba. Iliyobaki ni maongezi tu."

"Imebaki ngapi?"

"Dakika ine." Akanikazia macho. Yalikuwa macho ya mtu anayekuonyesha mlango wa nyuma. Niliyaona, lakini sikuyasoma. Mimi kusoma si kazi yangu.

"Weka," nikasema. "Sauti ya mke wangu siachi hata punje."

"Baba, si lazima..."

"Kizima," Candide akasema, bado ameshika mkono wangu. "Ndiyo tulisikilizana."

Nella akamtazama Direkta. Direkta akaitikia kwa kichwa: endelea. Akabonyeza.

Kijiko kilikuwa kinazunguka ndani ya kikombe. Kisha sauti ya Nella mwenyewe, ya mwaka jana:

"Mama, nikuulize kitu. Walikuja na ngazi. Nani aliwaambia kuna mutu juu?"

Kijiko kikasimama.

Nilisikia jogoo wa jirani, nikasikia kwa mbali mtu anapiga mluzi na kukoroga rangi kwenye ndoo. Mtu huyo alikuwa mimi. Nilikuwa nje, mwaka jana, mluzi mdomoni, sijui kitu.

Halafu Caritas, kwa sauti ya chini ambayo alikuwa anaitumia kitandani tu:

"Sylvère yuko wapi saa hii?"

"Yuko uani, mama. Anachanganya rangi."

"Funga mulango."

Ukasikika mlango wetu wa jikoni, ule unaolalamika, ukifungwa. Mluzi wangu ukapotea.

"Mambo mengine yote ayasikie, hata nikiwa nimekufa," akasema Caritas. "Lakini hili asilisikie. Unaniapia?"

"Naapa, mama."

"Basi sikia..."

"Stop! Stop!" Direkta alikuwa anagonga kioo kwa viganja viwili, mafua yamepona. Mlango ukafunguka, akaingia anang'aa. "Hapo hapo! Hapo ndipo tunakata! Nella, usiguse hata sekunde! Tunawaacha hapo, mji mzima unashinda wiki nzima unaongea! Mzee, mke wako alikuwa msanii!"

Nella alikuwa ameinamisha kichwa juu ya mashine. Massoudi alikuwa ameacha kulia. Taa nyekundu ilikuwa bado inawaka, na mikro tatu zilikuwa bado zinasikiliza.

Candide hakumtazama Direkta. Alikuwa anatazama mkono wake juu ya wangu. Kisha akauondoa, akauingiza kwenye mfuko wa koti.

Mimi nikakumbuka viazi ambavyo Caritas alinipikia miaka thelathini bila kuuliza. Carmen ndiye aliyesema. Alisema taratibu, karibu na mikro, bila kujua au kwa kujua, sijui.

"Papa, ni kitu gani mama hakutaka ukisikie?"